Tupeane uzoefu: mliokwenda kutazama wanyama kusini mwa Afrika, nini kiliwashangaza na mlikosea wapi?

Mleta mada, Dodoma

Ndugu wanajamii, salaam.

Neno safari ni letu, lakini nilipokwenda Afrika Kusini mwezi Juni mwaka juzi niligundua kwamba wenzetu wamelichukua na kulibana. Kwetu mtu anayetoka Dodoma kwenda Kibaigwa kumjulia hali mjomba wake yuko safarini. Kule ukisema kesho una safari, mtu wa mapokezi anaelewa jambo moja tu, kwamba unakwenda kutazama wanyama. Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya safari ya namna hiyo ya pili. Naomba waliowahi kufika hifadhi za Kruger, Chobe, Etosha, Luangwa au kwingineko kusini mwa Afrika watueleze yaliyowakuta, ila nina ombi moja: tusihesabiane simba. Picha za simba tumeshaziona za kutosha. Tuelezeni kilichowashangaza na mahali mlipokosea, kwa maana huko ndiko anayejiandaa kwenda atakakopata faida.

Nianze na yangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na shemeji yangu anaishi Pretoria. Tulikuwa watu watano katika gari dogo la kukodi: mimi, mke wangu, shemeji, na watoto wetu wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 9. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilikwenda kutazama tembo kwa watu ilhali Ruaha iko jirani. Jibu langu ni la mfukoni. Kiingilio cha mwananchi katika hifadhi zetu hakijawahi kunishinda. Kinachonishinda ni gari lenye ubavu wa kupita njia za hifadhini, pamoja na dereva wake na mafuta yake. Kule Kruger, Afrika Kusini, barabara kuu zina lami, gari dogo linapita, na mwenye leseni anaruhusiwa kuendesha mwenyewe bila kuongozwa na mtu. Unalipa getini, unachukua ramani, unaingia.

Hifadhi ile ilianza kama pori la akiba la Sabi mwaka 1898, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1926, na ukubwa wake unakaribia hekta milioni 2. Ukubwa wote huo umekunjwa kwenye karatasi moja ya ramani, na karatasi hiyo ndiyo iliyoniponza. Kutoka Skukuza hadi Satara, kambi tuliyokuwa tumelipia usiku ule, ni kama kilomita 90. Nikazihesabu kama mtu anayekwenda Morogoro: saa moja na nusu, na tukichelewa sana, saa mbili. Nikasahau kwamba mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye vumbi, kwamba watoto watataka tusimame kwa kila twiga, na kwamba mwezi Juni mageti hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Tuliondoka Skukuza saa saba mchana, tukala bila haraka Tshokwane, kituo cha mapumziko cha njiani, kisha nikaona kijinjia cha vumbi kwenye ramani na kusema tupitie huko.

Huko ndiko tulikokutana na tembo dume. Alikuwa peke yake katikati ya njia, ametupa mgongo, kama mtu anayesubiri basi. Shemeji akasema tutulie, ataondoka. Hakuondoka. Aligeuka, na nilipomtazama vizuri niliona majimaji meusi yakimtiririka kati ya jicho na sikio, na miguu ya nyuma imelowa mkojo hadi chini. Nilikuwa nimesoma kwamba hizo ni dalili za dume aliyepandwa na hamu ya majike, na kwamba dume wa hivyo hampishi mtu njia. Akaanza kuja, si kwa kukimbia, bali kwa mwendo wa mwenye nyumba anayekwenda kufunga mlango wake. Nikatia gia ya kurudi nyuma. Nilirudi karibu mita mia tatu nikiwa nimepinda shingo, mke wangu akiniongoza kwa sauti ya chini kabisa, “kushoto, kushoto, sasa nyoosha,” na yule mtoto mdogo, ambaye hanyamazi hata kanisani, hakutoa neno. Tulisubiri dakika arobaini mpaka mwenye njia alipoingia porini.

Tulifika Satara giza limeshaingia na geti limefungwa. Askari alitufungulia, akaandika namba ya gari, akatusomea kanuni kwa upole uliochoma kuliko karipio, na watoto wangu walikuwa wakisikiliza kila neno. Mimi ndiye ninayesimama kwenye geti la shule asubuhi kuwaandika wanafunzi waliochelewa, kwa hiyo sina la kuongeza.

Kilichonishangaza ni ubao. Kila kambi kubwa ina ubao wenye ramani, na wageni hubandika vipande vya rangi kuonyesha walikomwona simba, chui au mbwa mwitu siku hiyo. Binti yangu alitafuta rangi ya kifaru akaikosa. Mhudumu akamweleza kwamba alipo kifaru hapaandikwi, kwa sababu ubao husomwa na kila mtu, na majangili nao wana macho. Mwaka 2014 peke yake nchi ile iliuliwa vifaru 1,215, wengi wao wakiwa ndani ya Kruger. Kesho yake tuliwaona wawili karibu na barabara, pembe zao zikiwa zimekatwa na hifadhi yenyewe ili wasiwe na kitu cha kuuliwa. Mdogo akauliza kama walisikia maumivu. Shemeji akamwambia pembe ya kifaru ni kama kucha, na ikikatwa juu ya nyama haiumi. Mtoto akatazama vidole vyake muda mrefu.

La mwisho ni dogo. Jokofu la kibanda chetu lilikuwa barazani, ndani ya kizimba cha vyuma, nami nikadhani ni kwa ajili ya wezi. Ni kwa ajili ya nyani na tumbili. Tuliacha unga wa ugali mezani kwa dakika mbili tu. Tumbili akautoboa mfuko, akapanda nao juu ya paa akiwa mweupe usoni kama aliyetoka mashineni.

Karibuni.


Mchangiaji, Nakuru

Shukrani kwa mleta mada. Mimi ni Mkenya, na kosa langu lilitokea kabla sijaona hata swala mmoja. Tulikuwa watatu, wawili kutoka Nakuru na rafiki yetu wa Moshi, na tulikuwa tumepanga kuchanga gharama sawa kwa sawa. Tulipofika getini Kruger, kumbe viwango ni vitatu: cha raia wa Afrika Kusini, cha raia wa nchi za SADC, yaani jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, mwenye pasipoti yake mkononi, na cha wageni wengine wote. Tanzania imo katika SADC, Kongo imo pia; Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo. Kwa hiyo mwenzetu wa Moshi alilipa karibu nusu ya tulicholipa sisi, na tuliobaki tukahesabiwa pamoja na Wajerumani waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni. Hatukuwa na la kulalamika, maana ada hutozwa kila siku unayokaa na bei ilikuwa imeandikwa wazi, lakini hesabu yetu ya siku nne ilivurugika na tukalala usiku mmoja pungufu. Wakenya wenzangu, piga hesabu ya mgeni wa mbali. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikae kwenye begi kubwa. Sisi tuliulizwa Johannesburg kabla hatujafika kwenye mizigo.

Baada ya hapo tulipanda hadi Kasane, Botswana, na nikiri kwamba Chobe ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu kule unamtazama tembo ukiwa chini yake. Mashua ni ya bati, bapa, na nahodha huizima karibu na ukingo ikabaki kuelea. Familia ya tembo ilishuka ikaanza kuvuka kuelekea kisiwa kilicho katikati ya mto. Wakubwa waliinua mikonga juu kama mabomba, na katikati yao alikuwa ndama ambaye sehemu pekee iliyoonekana ni ncha ya mkonga wake, ikizama na kuibuka, huku mama akimsukuma kwa bega. Kisiwa chenyewe Wabotswana hukiita Sedudu na Wanamibia Kasikili. Nchi hizo mbili zilikigombania hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipokipatia Botswana mwaka 1999, na bendera imesimikwa hapo hadi leo. Tembo walipita kando ya bendera wakaendelea kula nyasi.


Mchangiaji, Tunduma

Wakubwa, mimi sijawahi kulipia kutazama mnyama. Ni dereva wa lori, na kwa miaka kadhaa nimepeleka mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia Lusaka na Livingstone hadi Francistown. Wanaozungumzia Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, leo wanazungumzia daraja, lile lenye urefu wa mita 923 lililofunguliwa mwezi Mei mwaka 2021, ambalo limepinda juu ya Zambezi ili lisiguse Zimbabwe. Sisi tulioanza zamani tunazungumzia pantoni. Ilibeba malori machache sana kwa zamu, na foleni yake ilikuwa ya siku, si ya saa. Tumepika, tumefua na tumesuluhisha ugomvi wa watu pale ukingoni, na viboko walitusikiliza usiku kucha.

Uzoefu wangu ni wa barabara ya kutoka Kazungula kwenda Nata, kilomita kama 300. Botswana ndiyo nchi yenye tembo wengi kuliko zote. Hesabu iliyofanywa mwaka 2022 katika eneo la nchi tano zinazopakana huko ilipata zaidi ya tembo 227,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Botswana. Hawana habari na ua wala kibao. Wanavuka lami wanapotaka, na usiku rangi yao na rangi ya lami ni moja. Taa za lori humulika mbele na chini, ilhali tembo yuko juu. Unachokiona kwanza ni miguu minne ikitembea bila mwenyewe. Niliona hivyo mara moja, nikafunga breki hadi utingo akaangukia kwenye kioo, na tangu hapo jua likizama mimi nimeegesha.

Jingine ambalo wageni hawaambiwi ni mageti ya mifugo. Kule nyati hubeba ugonjwa wa miguu na midomo, nao Batswana wanauza nyama ya ng’ombe Ulaya, kwa hiyo kuna ua mrefu wa kutenganisha, na kila gari linalotoka upande wa nyati hukaguliwa. Gari hukanyaga dawa, watu wanakanyaga dawa kwa viatu vyao, na nyama mbichi haipiti. Tulikuwa na kilo mbili tulizozinunua Kasane. Afisa, kijana mstaarabu sana, akatupa uchaguzi: tuiache au tuichome palepale tuile. Tuliwasha moto kando ya geti saa nne asubuhi tukala kilo mbili watu wawili, naye akaja kuonja kipande kimoja.


Mchangiaji, Arusha

Naandika nikiwa mtembeza watalii wa hapa kaskazini, na naomba nisichukuliwe kuwa ninavutia kwangu. Nilikwenda Hwange, Zimbabwe, kwa mwaliko wa watu wa kazi yangu. Kilichonishangaza ni kelele za pampu. Hifadhi ile ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000 lakini haina mto unaotiririka mwaka mzima, na tangu miaka ya 1930 maji ya wanyama yamekuwa yakivutwa kutoka visimani. Tembo mia mbili wamelizunguka bwawa, na nyuma yao mtu na spana anahangaika na mashine, kwa kuwa ikigoma wiki moja mwezi Oktoba tembo watakufa. Sisi Serengeti nyumbu zaidi ya milioni hufuata mvua, wala hakuna anayewawashia mashine. Hilo ndilo tofauti kubwa kati ya kwetu na kwao, si idadi ya simba, na mtu akishalijua hatakwenda kule kutafuta uhamaji ambao ua na mashamba vimeukata zamani.

Kwa upande wa nidhamu lakini wanatupita. Kule Kruger hakuna anayetoka barabarani kumfuata duma hadi mdomoni, na sisi tunajua tunavyofanya abiria akiahidi bakshishi.


Mchangiaji, Mbeya

Kaka mleta mada, wewe ulikuwa ndani ya gari. Mimi nilikuwa kwa miguu.

Nilisoma Lusaka, na mwaka wa mwisho tulijikusanya wasichana wanne tukapanda basi hadi Chipata, kisha gari dogo hadi Mfuwe, kwenye mlango wa Hifadhi ya Luangwa Kusini. Hapo ndipo nyumbani kwa safari za miguu. Mwaka 1950 afisa wa wanyamapori aliyeitwa Norman Carr alikubaliana na Chifu Nsefu wageni wakaribishwe kwa malipo na mapato yarudi kwa wananchi, jambo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu, na desturi ya kutembea na wageni porini ikaota hapo.

Msafara una mpangilio wake. Mbele anatangulia askari wa wanyamapori mwenye bunduki, anayefuata ni mwongozaji, halafu wageni mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho kabisa yuko mbeba chai, mwenye birika, vikombe na biskuti. Tulikatazwa nguo nyeupe na nyekundu, tukakatazwa kuzungumza tukiwa tunatembea. Ukitaka kuuliza unapiga kidole na wote wanasimama. Mwongozaji alikuwa na soksi iliyojaa majivu. Kila baada ya muda aliigonga, majivu yakapeperuka, naye akajua upepo unapeleka harufu yetu kwa nani.

Nilitegemea kuona wanyama wengi, na kwa kweli kwa saa mbili za kwanza tulitazama mavi. Nisameheni kwa neno hilo, lakini ndiyo elimu yenyewe. Ya kiboko yametawanywa huku na huku kwa mkia, ya fisi ni meupe kama chokaa kwa ajili ya mifupa, na ya tembo mwongozaji aliyavunja kwa mikono akatuonyesha mbegu zilizo nzima ndani yake. Akatuchutamisha kwenye unyayo wa tembo, mpana kama sinia, wenye nyufa kama za tope lililokauka, akasema hakuna wawili wenye nyufa sawa. Lugha nayo ilitusaidia. Kwa Kinyanja tembo ni njovu, nyati ni njati, na fisi ni fisi, kwa hiyo alipokuwa akinong’onezana na askari mimi nilishika maneno mawili matatu kabla wenzangu hawajatafsiriwa.

Ndivyo nilivyosikia “njati” mara mbili. Askari aliinua mkono. Nyuma ya kichaka, kwa umbali wa kama kutoka goli hadi katikati ya uwanja, walikuwa nyati madume watatu wamelala. Mmoja alisimama. Ndani ya gari nyati anakutazama kama anayekudai. Kwa miguu anakutazama kama aliyeshakuhukumu. Nilisikia magoti yangu yakigongana, si kwa mfano, yalikuwa yakigongana kweli, na suruali ikitoa sauti. Mwongozaji akaturudisha hatua kwa hatua bila kugeuka hadi nyuma ya kichuguu, akagonga soksi yake, akatabasamu. Tulinyweshwa chai palepale. Mbeba chai alinitilia vijiko vinne vya sukari bila kuniuliza.

Kosa langu: viatu vipya. Msivae viatu vipya.


Mchangiaji, Lubumbashi

Sisi wa Lubumbashi Livingstone si mbali, ukishapita Kasumbalesa barabara ni ya lami hadi mwisho. Nilimpeleka mama yangu mwezi Novemba kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na nilimsifia njia nzima: upana wa mita 1,708, kimo cha mita 108, moshi wa maji unaoonekana kutoka mbali. Tukafika upande wa Zambia tukakuta ukuta wa mawe makavu na vijito vichache. Mama akaniuliza, kwa adabu, maji yamekwenda wapi. Mwisho wa kiangazi mto hupungua sana, na maji yanayobaki hudondokea zaidi upande wa Zimbabwe. Mwenye kutaka kuloweshwa aende Aprili au Mei.

Kilichoniokoa ni hifadhi ndogo iliyo kando ya maporomoko, ambamo vifaru weupe hulindwa usiku na mchana na askari wenye silaha, na mgeni hupelekwa kwa miguu hadi karibu nao. Mama alisimama mbele ya kifaru na mtoto wake kwa nusu saa nzima, amefunga kanga kichwani, akasema sasa amepata aliloliendea. Hajawahi tena kuyataja maporomoko, nami sijayataja.


Mchangiaji, Leicester

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Uingereza, na safari yangu ilikuwa ya Namibia pamoja na dada yangu aliyeko Maskati. Wengi wameniuliza habari ya chakula halali. Afrika Kusini hilo si tatizo, kwa sababu Waislamu wa Cape Town ni wa karne nyingi, wa Durban ni wa tangu karne ya 19, na alama ya halali utaikuta hata kwenye maduka ya kawaida. Namibia tulijitegemea: mchele, dengu, samaki wa kopo na tende, na jiko dogo la gesi. Hatukupungukiwa.

Kutoka Windhoek hadi Etosha ni zaidi ya kilomita 400 na sehemu hiyo ni lami tupu. Pancha zetu mbili tulizipata baadaye, kwenye barabara za changarawe, ambako gari huserereka kama kwenye mbegu za mtama. Etosha ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1907, enzi za Wajerumani, na katikati yake kuna uwanda wa chumvi wa karibu kilomita za mraba 4,800 usioota kitu. Vumbi lake ni jeupe, kila kitu ni cheupe, hata tembo. Mchana choroa husimama juani kama waliosahauliwa.

Lakini ninayetaka kuwaeleza ni usiku wa Okaukuejo. Kambi hiyo ina bwawa la maji mbele ya ukuta mfupi, limewashwa taa hafifu, na wageni hukaa kwenye mabenchi wakiwa wamejifunika mablanketi, kwa maana usiku wa Julai baridi ile inaingia mfupani. Hakuna anayezungumza. Ukikaa muda unaanza kusikia mambo: jiwe kuteleza, pumzi, kisha kifaru mweusi anatoka gizani peke yake. Akaja wa pili, wa tatu, mama na ndama, hadi wakawa saba. Nilifundishwa kwamba kifaru mweusi ni mkali na mpweke. Pale niliona wakisogezeana pua na kukoroma kwa sauti nyembamba ambayo hailingani kabisa na miili ile. Kivuli cha kila mmoja kilikuwa ndani ya maji, kichwa chini.

Na hapo ndipo simu yangu ilipoadhini. Nilikuwa nimeiwekea programu ya kunikumbusha sala, na nilidhani nimeizima. Wageni wote waligeuka, vifaru saba wakasimamisha masikio kwa pamoja, na mimi vidole vimekufa ganzi kwa baridi siwezi kuinyamazisha. Iliadhini hadi “Hayya ʿala-s-swalah” ya pili. Vifaru hawakukimbia, walisikiliza, wakarudi kunywa. Mzee mmoja aliyekaa jirani, Mnamibia mweupe, aliniambia kwa kunong’ona kwamba amekuja pale miaka ishirini na hajawahi kuwaona wametulia vile. Sijui kama alikuwa ananifariji. Dada yangu alikuwa amejifunika blanketi gubigubi akicheka mpaka benchi likatikisika.


Mchangiaji, Mombasa

Mleta mada, umesema gari dogo lapita. Je, lapita hadi kaskazini mwa Kruger? Na mlifika Punda Maria? Jina hilo limenishughulisha tangu nilipoliona kwenye ramani.


Mleta mada, Dodoma

Ndugu wa Mombasa, gari dogo linapita hadi huko, mradi usifuate vijinjia vya vumbi baada ya mvua. Jaza mafuta kambini kila unapopata nafasi, kwa kuwa upande wa kaskazini kambi ziko mbali mbali na magari ni machache. Unaweza kwenda saa nzima ukiwa na miti ya mopani na tembo tu.

Tulifika Punda Maria siku ya nne. Hadithi inayosimuliwa pale ni kwamba askari wa kwanza wa wanyamapori kuwekwa eneo hilo, Kapteni Coetser, mwaka 1919, alijua Kiswahili cha kuokota na akataka kuiita kambi kwa jina la punda milia. Wako wanaosema alikosea, na wako wanaosema alikosea kwa makusudi, kwa sababu mkewe aliitwa Maria. Kuna kipindi jina lilisahihishwa likawa Punda Milia, kisha wakalirudisha lile la mwanzo, na hadi leo ndilo lililo kwenye kibao.

Mwanangu mdogo hakuvumilia. Alimwambia dada wa mapokezi kwamba jina lao lina kosa la tahajia, akamchorea pundamilia nyuma ya risiti, na mistari yake yote. Yule dada, Mtsonga, akalitamka sawasawa mara ya kwanza, kisha akamfundisha kwamba kwao mnyama huyo ni mangwa. Risiti alibaki nayo, kwa hiyo nilipoulizwa stakabadhi kesho yake getini nilikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Askari alicheka akatupisha. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi geti lilipofunguliwa tu, kwa sababu safari hii nilikuwa nimezihesabu kilomita vizuri.